Nyumba Sita za Grove Road

Mwezi Septemba 1976, katika mji mdogo wa Sutton-in-Ashfield, jimboni Nottinghamshire, eneo la machimbo ya makaa ya mawe katikati ya Uingereza, Ken Davis alihamia katika fleti ambayo wataalamu wengi wa zama zile wangeapa kwamba haiwezi kumfaa mtu wa hali yake. Yeye na Maggie Hines, ambaye baadaye alijulikana kama Maggie Davis, walikuwa wamepooza kwa majeraha ya uti wa mgongo na wakitumia viti vya magurudumu. Jengo lao lilikuwa na fleti sita tu. Tatu za chini zilikuwa za familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na tatu za ghorofani zilikuwa za familia zisizo na ulemavu, ambazo zilikubali tangu mwanzo kuwasaidia majirani wa chini pale msaada unapohitajika. Hapakuwa na matroni, hapakuwa na kengele ya kuitia watu chakula, wala saa ya kuzimiana taa. Kila familia ilikuwa mpangaji kamili, mwenye kodi yake ya kulipa na mlango wake wa kufunga.

Fleti sita ni kitu kidogo mno katika nchi iliyokuwa ikijenga nyumba za umma kwa malaki. Hata hivyo naona historia ya makazi ya watu wenye ulemavu inaeleweka vizuri zaidi ukianzia kwenye jengo hili kuliko ukianzia kwenye majumba makubwa ya hisani yaliyolitangulia. Kwa zaidi ya karne moja, jibu la swali la kwa nini mtu fulani anaishi katika makao ya wasiojiweza lilikuwa ni mwili wake: hawezi kutembea, hawezi kujivika nguo, kwa hiyo hana budi kuwekwa mahali. Grove Road ilionyesha kwamba jibu hilo lilikuwa kinyume. Mtu yule yule, mwenye mwili ule ule, akipewa nyumba anayoweza kuingia, kodi anayoweza kumudu na msaada anaouelekeza mwenyewe, hana haja ya kuwekwa popote. Na walioonyesha hivyo hawakuwa wafadhili wala serikali. Walikuwa wale wale waliokuwa wakihesabiwa kama mzigo wa kutunzwa.

Ili kuona uzito wa jambo hili inabidi turudi nyuma kidogo. Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 iliifanya nyumba ya maskini kuwa makimbilio ya mwisho ya kila aliyeshindwa kujikimu, na kwa makusudi maisha ya ndani yake yalifanywa kuwa magumu kuliko ya kibarua duni kabisa wa nje. Waliobaki humo muda mrefu zaidi walikuwa wazee, wagonjwa na walemavu, kwa sababu wenye nguvu walitoka mara tu walipopata kibarua. Mwaka 1948 Sheria ya Msaada wa Taifa ilifuta mfumo huo na kuzitaka halmashauri ziwape malazi watu ambao, kwa uzee, maradhi au ulemavu, walihitaji uangalizi wasioweza kuupata kwa njia nyingine. Maneno hayo ya mwisho yana siri kubwa. Sheria yenyewe ilikiri kwamba mtu huingia makaoni kwa sababu njia nyingine haipo, lakini haikumlazimisha mtu yeyote kuijenga hiyo njia nyingine. Miaka kumi baadaye mtafiti Peter Townsend alizunguka makao 173 ya England na Wales, akachapisha matokeo yake mwaka 1962 katika kitabu The Last Refuge. Alikuta wazee wengi bado wamelala katika majengo yale yale ya zamani ya maskini. Alikuta pia kwamba wengi wao hawakuwa wagonjwa wa kuhitaji uangalizi wa mchana na usiku. Walifika pale kwa kukosa nyumba, kukosa jamaa au kukosa kipato. Kazi yake ilihusu wazee, lakini hesabu ni ile ile: makao yalikuwa yakiziba pengo la nyumba na kuliita pengo la afya.

Katikati ya hali hiyo alitokea Leonard Cheshire, na haki itendeke anapotajwa. Alikuwa rubani wa kivita mwenye nishani ya juu kabisa ya ushujaa, mmoja wa waliotumwa kushuhudia bomu la atomiki likianguka Nagasaki. Mwaka 1948, katika jumba kubwa lililoitwa Le Court huko Hampshire, alimpokea Arthur Dykes, mtu aliyekuwa akifa kwa saratani na ambaye hospitali haikuwa na la kumfanyia zaidi. Alimuuguza kwa mikono yake mwenyewe. Wengine wakafuata, na ndani ya miaka michache Le Court ikawa mzazi wa makao mengi yenye jina lake, ndani ya Uingereza na nje. Afrika Mashariki tunalijua jina hilo: yapo makao ya Cheshire Kenya, na Uganda ipo Katalemwa, jirani na Kampala, inayohudumia watoto wenye ulemavu. Mbele ya wodi za hospitali ambamo kijana wa miaka 20 alilazwa kati ya wazee wanaokata roho, Le Court ilikuwa nafuu ya kweli. Paul Hunt, aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, alifika huko mwaka 1956 akiwa na miaka 19 kutoka katika wodi ya namna hiyo, na hakuwahi kukana kwamba alihamia mahali bora.

Lakini wema una mipaka yake pale mpokeaji anapokosa kauli. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na maana yake ni kwamba baada ya muda mfupi ugeni huisha na mtu huwa wa nyumbani, mwenye kazi na sauti. Mkazi wa Le Court aliweza kukaa miaka 20 bila kukabidhiwa jembe. Alibaki mgeni wa hisani: hakuwa na mkataba wa upangaji, hakumchagua aliyelala chumba kimoja naye, na angeweza kuhamishwa kwa uamuzi wa kamati. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakazi waligombana na uongozi kuhusu mambo ambayo kwa mtu mzima hayapaswi kuwa na mgogoro: saa ya kwenda kulala, kunywa kinywaji akitaka, mwanamume na mwanamke kuzoeana bila kuchungwa. Hunt na wenzake waliona kwamba vita hivyo vidogo vina mzizi mmoja. Mwenye nyumba ndiye mwenye amri, na wao hawakuwa wenye nyumba wala wapangaji.

Wakaomba watafiti waje waone. Taasisi ya Tavistock ya London iliwatuma Eric Miller na Geraldine Gwynne, na kitabu chao, A Life Apart, kilitoka mwaka 1972. Ndani yake mna hoja mojawapo ya kutisha katika maandishi ya ustawi wa jamii: kwamba jamii, kwa kumpeleka mtu makaoni, imekwisha kumhesabu kuwa amekufa kijamii, na kazi inayobaki ya makao ni kumsindikiza kutoka katika kifo hicho hadi kifo cha mwili. Walieleza namna mbili za kufanya kazi hiyo, moja ya kuhifadhi watu kama bidhaa ghalani na nyingine ya kuwatunza kama mimea bustanini, kisha wakapendekeza jinsi ya kuiendesha kwa ubinadamu zaidi. Wakazi walihisi wamesalitiwa. Walikuwa wameita mashahidi, wakaletewa washauri wa magereza. Hunt, katika makala iliyochapishwa mwaka 1981 baada ya kifo chake, aliwaita vimelea. Neno ni kali, lakini hasira yake ina mantiki. Watafiti waliona kila kitu isipokuwa uwezekano kwamba wakazi wangeweza kuishi pengine. Hawakuuliza kuhusu nyumba.

Hunt mwenyewe alikuwa ameshaondoka Le Court mwaka 1970, baada ya kumwoa Judy, na wakaishi London. Tarehe 20 Septemba 1972 gazeti la The Guardian lilichapisha barua yake fupi iliyoeleza upweke wa watu waliofungiwa katika makao yasiyosikiliza maoni yao, na kuwaalika waunde chama chao wenyewe. Kutokana na barua hiyo ulizaliwa Umoja wa Wenye Upungufu wa Viungo Dhidi ya Ubaguzi, uliojulikana kwa kifupi cha UPIAS. Miongoni mwa walioitikia walikuwa Ken na Maggie, na Vic Finkelstein, Mwafrika Kusini aliyefungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi kisha akahamia Uingereza. Finkelstein alijua kwa uzoefu wake kwamba mtu hutengwa kwa sheria na kuta, na kwamba anayetengwa huambiwa kosa liko mwilini mwake.

Mwaka 1975 Finkelstein alitunga kisa ambacho kila mchora ramani angepaswa kukijua. Fikiria, alisema, kijiji cha watu wanaotumia viti vya magurudumu, wanaojitawala na kujijengea kila kitu. Kwa kuwa hakuna anayesimama, milango na dari hushushwa. Kisha watu wachache wanaotembea kwa miguu wanahamia humo. Wanagonga vichwa, wanapata uvimbe wa paji la uso, mgongo unawauma kwa kuinama. Madaktari wa kijijini wanautafiti ugonjwa wao, wahisani wanawagawia kofia ngumu, na madukani yanawekwa makopo ya kuwachangia. Hakuna anayefikiria kuinua milango. Lugha yetu inalibeba wazo hili bila kuhangaika, kwa sababu tuna kulemaa na tuna kulemazwa. Mtu anaweza kulemaa kwa polio, ajali au kuzaliwa, lakini anayemlemaza ni mwingine: fundi aliyeweka vidato vitano mlangoni, mwenye nyumba aliyejenga choo cha kupandia. Hati ya mwaka 1976 iliyotokana na mjadala wa UPIAS na chama kingine, iitwayo Fundamental Principles of Disability, ilitenganisha mambo hayo mawili, na mgawanyo huo umeenea duniani kote tangu hapo.

Nadharia peke yake, hata hivyo, haina paa. Ndiyo maana nawaweka Ken na Maggie mbele ya wanafikra. Kwa takriban miaka minne walitafuta mtu wa kuwajengea. Wakati ulikuwa na fursa zake: mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria iliyosukumwa na mbunge Alf Morris, iliyozitaka halmashauri zizingatie mahitaji ya walemavu katika mipango ya nyumba, na Sheria ya Nyumba ya 1974 ilivifungulia vyama vya nyumba bomba la fedha za umma. Vyama hivi ni mashirika yasiyogawana faida, yanayojenga nyumba na kuzipangisha kwa kodi nafuu. Kimoja, Habinteg, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1970 kwa kusudi la kuchanganya familia zenye mlemavu na familia nyingine katika mtaa mmoja. Ken na Maggie walikubaliana na chama kilichoitwa Inskip St Giles. Tofauti yao na waombaji wengine ni kwamba hawakuomba nafasi katika mradi wa mtu. Walikuja na mradi wao: idadi ya fleti, mpangilio wa juu na chini, na sharti kwamba jengo liwe mtaani, kati ya nyumba za watu, si nje ya mji nyuma ya ukuta.

Busara ya mpangilio ule inastahili kutazamwa kwa makini. Wataalamu walipima mahitaji ya mtu kwa saa za uangalizi, wakidhani kila mwenye ulemavu mkubwa anahitaji mtu pembeni muda wote. Hoja ya Grove Road ilikuwa kwamba saa hizo nyingi huzalishwa na jengo baya. Mtu anayeshindwa kupita mlango wa choo anahitaji msaidizi wa choo. Ukipanua mlango, saa ile hupotea katika hesabu. Swichi iliyo juu mno, sinki lisiloruhusu kiti kuingia chini yake, kizingiti cha nusu futi, kila kimoja kinadai mkono wa mtu. Ondoa hivyo kwanza, kisha hesabu kilichobaki: kuingia na kutoka kitandani, kuoga, dharura za usiku. Hicho kilichobaki kiliweza kugawanywa kati ya familia za ghorofani na huduma za kawaida za wilaya bila mtu yeyote kugeuka muuguzi wa kudumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ramani ile ilichorwa na waliokuwa wamelala kwenye vitanda vyenyewe.

Naweza kusikia pingamizi kwamba haya ni mambo ya Ulaya, ambako jamaa wamesahauliana, na kwamba kwetu mlemavu ana ndugu, hahitaji chama cha nyumba. Ni kweli kwamba kwetu watu wengi wenye ulemavu wanaishi na familia zao na makao hayajawahi kuwa njia kuu. Lakini familia nayo inaishi ndani ya jengo. Katika vyumba vya kupanga vya Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, choo cha pamoja kiko uani, baraza lina vidato, na anayetumia kiti cha magurudumu hubebwa mgongoni na mama au kaka kila anapotaka kujisaidia. Upendo wa kaka huyo si mdogo, ila unatumika kufidia kosa la fundi, na siku kaka akioa au akipata kazi mkoa mwingine, dada yake anabaki chumbani. Wala Grove Road haikuwa mradi wa upweke wa Kizungu. Msingi wake ulikuwa ujirani: familia sita chini ya paa moja, zinazobisha hodi na kukaribishana. Kilichokataliwa ni kule kumfanya ndugu au mfadhili kuwa ndiye nyumba yenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010 inayataja makazi yanayofaa kuwa haki, na kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimeuridhia, kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi naye. Kifungu hicho ni mjukuu wa ugomvi wa Le Court.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine, na hili siwezi kulikwepa. Msaada wa Grove Road ulifungwa kwenye jengo. Familia za ghorofani zikihama, zinazokuja zinaweza kuwa tofauti. Na mkazi wa chini akitaka kuhamia mji mwingine kwa kazi au kwa mapenzi, hawezi kuwabeba majirani. Uswidi ilikuwa imekutana na tatizo hili kwa ukubwa zaidi. Huko profesa Sven-Olof Brattgård, naye mtumiaji wa kiti cha magurudumu, aliongoza jumuiya ya Fokus iliyoanzishwa mwaka 1964, na mwaka uliofuata harambee ya taifa zima kupitia televisheni ikaipatia fedha za kujenga. Fleti za Fokus zilitawanywa ndani ya majengo ya kawaida katika miji mbalimbali, na wasaidizi walikaa zamu katika jengo lile lile, wakiitwa kwa kengele. Wageni kutoka nchi nyingi walikuja kuzitazama na kuzisifu. Aliyezitia doa alikuwa mkazi mmoja wa fleti hizo, Adolf Ratzka, aliyepata polio akiwa kijana Ujerumani, akaishi miaka mitano hospitalini, kisha akaenda kusoma chuo kikuu California mwaka 1966 akiwalipa mwenyewe wasaidizi aliowachagua. Alipofika Stockholm na kuingia fleti ya Fokus aliona amerudi nyuma: fleti nzuri, lakini msaidizi ni wa jengo, anagawanywa kwa zamu, hawezi kuandamana nawe nje ya mtaa. Mwaka 1984 alianzisha ushirika wa STIL, ambao wanachama wake walidai fedha za msaada zipewe mtu, na sheria ya Uswidi iliyoanza kutumika mwaka 1994 ikalikubali dai hilo.

Je, basi Ken na Maggie walikosea? Sioni hivyo. Figa moja haliinjiki chungu. Nyumba inayoingilika ni figa, kodi inayolipika ni figa, msaada unaouongoza ni figa, na mwaka 1976 hakuna sheria ya Uingereza iliyoruhusu figa la tatu kuwekwa mkononi mwa mtu binafsi. Sheria ya 1948 ilizikataza halmashauri kumpa mtu fedha taslimu badala ya huduma. Walijenga kwa mafiga waliyoyapata na kuliazima la tatu kwa majirani. Waliolichonga figa hilo walikuwa, kwa namna inayosisimua, wakazi wapya wa Le Court ile ile. Mwaka 1979, mwaka ambao Paul Hunt alifariki, kundi dogo lililowajumuisha John Evans na Philip Mason lilianza mpango walioupa jina Project 81, kwa kuwa 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Hoja yao ilikuwa ya kihasibu. Halmashauri ilikuwa ikilipia kila mmoja wao gharama za kuishi makaoni. Basi fedha ile iwafuate wakitoka, waajiri wasaidizi wao wenyewe. Kwa kuwa sheria ilikataza malipo ya moja kwa moja, walikubaliana na halmashauri ya Hampshire fedha zipitie kwa mtu wa kati, na makao yenyewe yakawa mpitishaji. Evans alihamia nyumba yake mwaka 1983. Mlango huu mdogo wa pembeni ulifanywa mlango wa mbele na sheria ya 1996 iliyoruhusu malipo ya moja kwa moja.

Hapa ndipo hoja ya gharama inapojibiwa, maana ndiyo hujitokeza kila mara: nyumba hizi ni ghali, nchi haiwezi. Project 81 haikuanza kwa kuomba fedha mpya; ilianza kwa kuuliza fedha iliyokuwa ikitumika tayari inanunua nini. Kuhusu jengo, hesabu iko wazi zaidi. Mlango mpana, njia ya mteremko na choo cha chini havigharimu sana ramani ikiwa bado karatasini. Kinachogharimu ni kubomoa ukuta uliokwisha kusimama. Mwaka 1987, kule Atlanta, Marekani, Eleanor Smith aliitoa hoja hii nje ya nyumba za walemavu kabisa. Alidai kila nyumba mpya, ya yeyote, iwe na mlango mmoja usio na ngazi, njia za ndani zinazopitika na choo ghorofa ya chini, ili mtu mwenye kiti aweze kutembelea wenzake. Dai hili Mswahili atalielewa upesi. Mtu asiyeweza kuingia nyumbani kwa shangazi siku ya msiba, wala kwa jirani siku ya harusi, ametengwa na jamii hata kama chumba chake mwenyewe kimejengwa vizuri. Uingereza iliingiza masharti ya aina hiyo katika kanuni za ujenzi wa nyumba mpya mwaka 1999. Lakini nyumba hudumu, na makosa yake hudumu nayo: uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018 ulikuta ni asilimia 9 tu ya nyumba za England zilizokuwa na sifa nne za msingi zinazomwezesha mtu wa kiti kuingia kama mgeni.

Ken na Maggie hawakuishia kwenye jengo lao. Muungano wa watu wenye ulemavu wa Derbyshire, waliosaidia kuuanzisha mwaka 1981, ulizaa kituo mwaka 1985, na kazi yake ilipangwa kufuata mahitaji saba: taarifa, ushauri, nyumba, vifaa, msaada wa mtu, usafiri na mazingira yanayofikika. Mpangilio huo una hekima ya watu waliopita njia. Taarifa inatangulia kwa sababu mtu wa makaoni hawezi kudai nyumba asiyojua kama inawezekana kuwapo. Nyumba inakuja kabla ya vifaa na kabla ya msaada, kwa maana vyote viwili vinahitaji mahali pa kutua. Mashirika mengi yanayotetea makazi ya walemavu hadi leo huorodhesha mambo hayo hayo, mara nyingi bila kujua yalitoka wapi.

Baadhi wanaisoma historia hii kama ngazi inayopanda tu, kutoka nyumba ya maskini, kupitia makao ya hisani, hadi fleti na malipo ya moja kwa moja. Ushahidi hauruhusu usomaji huo. Mwaka 1988 serikali ya Uingereza ilianzisha Mfuko wa Maisha ya Kujitegemea, uliowalipia watu wenye ulemavu mkubwa kabisa saa za wasaidizi ambazo halmashauri hazikuweza kuzibeba, na kwa miongo miwili na zaidi mfuko huo ukawa figa la tatu la maelfu ya nyumba. Kisha ukaamuliwa ufungwe. Watumiaji wake walikwenda mahakamani, na Novemba 2013 Mahakama ya Rufaa iliubatilisha uamuzi huo kwa kuwa waziri hakuzingatia ipasavyo wajibu wa usawa. Miezi michache baadaye serikali iliamua tena vilevile, na tarehe 30 Juni 2015 mfuko ulifungwa. Watu waliokuwa wameishi katika nyumba zao tangu enzi za Project 81 walianza kupimwa upya na halmashauri zenye bajeti iliyopungua, na baadhi waliulizwa kama wanaweza kulala usiku bila msaidizi. Milango yao ilikuwa mipana kama ilivyojengwa. Kesho yake, Julai mosi, Scotland ilifungua mfuko wake yenyewe kwa ajili ya watu wake. England haikufungua.